Benchi la Baba na Mama

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya hospitali, hapa Kamina, nilivunja vioo vitatu, vile tunavyodondoshea damu, kabla ya saa sita. Mkuu wa maabara hakunigombeza. Alinipa cha nne, akaniita "mwananchi" kwa Kifaransa, kama tulivyoitana enzi hizo: "Citoyenne, bioo iko mingi. Damu ya huyu mutoto iko kidogo." Enyi vijana mnaopima damu kwa mashine siku hizi, nilianza hivyo, na nilijifunza haraka, maana sikuzaliwa mjinga.

Tulitafuta selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao huku wengi huuita SS. Unadondosha tone, unalifunika kwa kioo chembamba, unaziba kingo kwa nta ya mshumaa ili hewa isiingie. Kesho yake unachungulia kwenye darubini: chembe zenye urithi huo zimejikunja kama mundu. Kipimo hicho hakikumtenga mgonjwa na mbebaji, yaani mtu mwenye afya anayebeba urithi bila kuugua. Hapo ilibidi umtazame mtu mwenyewe.

Baadaye nilihamishiwa hospitali ya Bukama; baada ya miaka miwili nilirudishwa Kamina, na mganga mkuu wa hospitali akanipa kazi ya kuwaeleza wazazi. Nilijiona nimefika.

Ndipo akaja Mama Ngoie, mke wa sajenti wa kambi ya jeshi, na mtoto mwenye macho ya manjano na vidole vilivyovimba. Mama huyo alikwisha kuzika wengine wawili. Nilimpima mtoto, nikampima na mama, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo. Nikaandika karatasi kwamba mama ana urithi, nikampa aende nayo. Wiki haijaisha, akarudi analia. Mama mkwe wake alikuwa ameisomesha mbele ya ukoo.

"Banasema karatasi ya hospitali yenyewe inaitika: minyi njo nakulaka batoto," aliniambia, yaani kwamba yeye ndiye mlozi anayewaua watoto wake. "Kesho kutwa batanirudisha kwetu. Mutoto atabakia."

Niliona aibu. Ule ulikuwa mwandiko wangu. Mganga mkuu aliniuliza tu, "Sasa juu ya nini ulipima mama bila baba?"

Siku hiyo hiyo nilikwenda kambini na koti langu jeupe, nikamtoboa kidole sajenti, nikamtoboa na mama yake, na Mama Ngoie tena. Kesho yake niliwakalisha wote watatu benchi moja, kila mmoja akachungulia. Mundu kwa mke, mundu kwa mume, mundu kwa mama mkwe. Nikatoa punje za mahindi: kila mzazi ana mbili, nyeupe na nyekundu, na humpa mtoto moja tu. Nyekundu mbili zikikutana, mtoto anaugua. Kila mimba, mara moja katika nne. Mlozi hayumo.

Mama mkwe hakuondoa jicho kwenye darubini. "Na bale batoto bangu batatu benye balikufaka kule Mulongo?" akauliza polepole. "Haikukuwa minyi njo nilibakula?"

"Hapana, mama."

"Baliniambiaka ni minyi. Na minyi nikaitika, mupaka leo."

Alimshika mkwewe mkono, wakatoka hivyo.

Tangu hapo sikumpa mama yeyote karatasi akiwa peke yake. Baba hayupo? Tunamngoja. Askari walinung'unika, makarani na walimu pia, nami sikujali. Nilipostaafu waliniuliza nataka zawadi gani, nikaomba lile benchi. Liko barazani kwangu.

Mtoto wa Mama Ngoie hatukumponya. Alipokufa, miaka kadhaa baadaye, nilikwenda msibani, na wazee walikuwa wameanza kuulizana ni nani aliyemla. Bibi yake, yule mama mkwe, alisimama akawakatiza: "Hakuna muntu alimukula. Ni damu yetu, sisi wote. Muache huyu mama alie mutoto wake."