Kernel yangu ilishtakiwa kwa wizi wa maji Mitunguu

"Diploma? Hiyo ni ya kutengeneza redio."

Wakuu, salamu kwenu nyote. Hivyo ndivyo nilivyopokelewa niliporudi kutoka Doha na kusema nitaunda mashine za kugawa maji ya mashamba. Hapa siongezi chumvi. Bado nina hasira, mnivumilie.

Mimi ni mtu wa Embu. Linux nilijifundisha mwenyewe, juu ya kitanda cha deka, cha juu na chini, kwenye kambi ya wafanyakazi kule Doha. Leo kernel, ule moyo wa Linux, naipunguza hadi ikae kwenye boksi dogo kuliko Biblia. Wangapi humu wanaweza?

Tuendelee.

Mradi mmoja wa maji kule Mitunguu ulifunga boksi zangu kumi na mbili. Kila mwenye ndizi apate zamu yake, kisha valvu ijifunge yenyewe. Kiangazi kilipoingia, watu wa chini wakaanza kukosa maji.

Mwenyekiti akasimama mkutanoni. "Huyu wa Embu ameficha kitu ndani ya mashine. Maji yanaibwa na kompyuta!"

Nikatoa source code yote, maandishi yenyewe ya programu. Wakamleta injinia wao, mwenye digrii. Akafanya build yake, yaani akaigeuza code ile kuwa kernel, akalinganisha hash yake na ya kernel iliyo kwenye boksi. Hash ni kama alama ya kidole ya faili: ukigusa herufi moja ndani, alama yote inabadilika.

Hazikufanana.

"Umeona, kijana?" mwenyekiti akaniambia. "Kula kiapo mbele ya watu, ama ubebe boksi zako urudi kwenu."

Kiapo! Kama mwizi wa mbuzi! Nikakataa. Nikaomba wiki moja.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba uzembe ulikuwa wangu. Kernel hujiandikia ndani saa ya build, jina la mtumiaji na jina la mashine. Injinia alipata tofauti kwa sababu yeye si mimi, na Jumanne si Ijumaa. Nikaweka saa ileile ya zamani, majina yaleyale, compiler (programu inayogeuza code) ileile, folda ileile.

Bado hash zikakataa kufanana. Siku tatu natukana ukuta.

Kumbe ni ufunguo wa kutia sahihi moduli, vile vipande vinavyoongezwa kwenye kernel. Usipoweka wako, kila build mpya inajitengenezea mwingine, na cheti chake kinaingia ndani ya kernel. Ule wa zamani ulikuwa bado kwenye diski yangu. Nikaurudisha. Hash ikatoka ileile ya kwenye boksi.

Mkutanoni sikugusa kitu. Nilimpa injinia maelezo na ule ufunguo (sasa nimeshautupa), akafanya build kwenye laptop yake mwenyewe. Mwalimu Karimi, mstaafu, akasoma hash ya boksi, herufi nne nne. Injinia akawa anajibu kutoka skrini yake.

"Sawa."

"Sawa."

Mara kumi na sita.

"Ni ileile," injinia akasema, macho chini. "Na code nimeisoma. Haina wizi."

Mama Kendi wa mashamba ya chini akainuka. "Basi, mwenyekiti, kama mashine si mwizi, ile valvu ya mkono iliyo shambani kwako hufunguliwa na nani?"

Mwenyekiti akaanza kutafuta kofia yake. Ilikuwa kichwani.

Hakuna aliyeniomba msamaha mpaka leo. Lakini maji yanafika chini.

Wakuu, usiwaombe watu wakuamini. Jenga kernel ambayo hata anayekuchukia anaweza kuitoa ileile bila wewe kuwepo. Mimi nilingoja kushtakiwa ndipo nikajifunza.

Nani humu build yake imewahi kumgeuka hivi? Mwageni yenu hapa chini. Wenye matusi pia karibuni, nimeshazoea.