Tangi la Baba na Sira ya Shangazi

Enzi zetu za krizi, vita vile vya mjini, nyie mliokulia mtaa wa Nyakabiga mtanielewa, maji hayakuwa kitu cha kufungulia jikoni. Bomba lilikuwa ng'ambo ya barabara, na risasi nazo zilipita barabara hiyohiyo. Siku binti wa jirani yetu aliporudi bila ndoo, damu ikimtiririka mguuni, Baba aliapa kwamba Mama havuki tena. Alikuwa fundi wa bodi za magari, akiziba matundu kwa rezini, gundi ile inayokauka ikawa ngumu, na vitambaa vya nyuzi za kioo. Akasema kwa vitu hivyohivyo atatujengea tangi la kukinga mvua.

Sisi watoto tuliruka kamba uani, harufu ya rezini imetukaa puani, hata wali ukawa na ladha ya rezini. Baba analaza kitambaa, anapaka, anakandamiza, anangoja. Embargo ilikuwa imekaza, bidhaa haziingii nchini, rezini inapatikana kwa kubembeleza, na couvre-feu, saa ya kutotoka nje, ikifika anaacha kazi hapohapo. Asubuhi anagusa kwa mgongo wa kidole. "Iko inakamata mukono," anasema, "basi iko inangojea mwenzake," yaani kitambaa kinachofuata.

Sasa kulikuwa na shangazi yangu, dada yake Baba, tuliyekaa naye ua mmoja, mwanamke msafi mpaka anaudhi. Sakafu zake nyekundu alizipaka sira, nta ya kung'arishia, kila Ijumaa, tukawa tunateleza kama watu wenye pombe. Mkesha wa Idi, Baba ametoka, shangazi akagusa tangi, likamnata. Wageni wanakuja na kitu kimechafuka hivi! Akachukua kopo la sira, akasugua tangi zima mpaka likang'aa.

Baba hakujua. Alipolaza kitambaa kingine juu yake na rezini ikakauka, kikabanduka chote kama manda ya sambusa, maana rezini haishiki juu ya nta. Shangazi akasema yeye alisafisha tu. Mimi hasira ile bado ninayo, wallahi, maana ilibidi aoshe, apige msasa, atafute rezini nyingine mji mzima, na siku zote hizo Mama alivuka barabara na ndoo kichwani, sisi tumesimama mlangoni hatupumui.

Hatimaye tangi likaisha, mvua ikanyesha, Mama hakuvuka tena.

Leo mpwa wangu, kijana wa simu mbili, anafungua maji na kuyaacha yamwagike huku anasugua kioo cha simu kwa kidole. Juzi, bila kuniuliza, alileta mashine akalikata tangi apate nafasi ya pikipiki yake. "Tantine, ile ni takataka ya krizi," ananiambia mimi shangazi yake. Takataka! Nikamwambia atoke mbele yangu.

Nikaokota kipande, nikakigeuza juani, nikatafuta mahali kitambaa kimoja kinapoishia na kingine kuanza. Sikupaona. Vyote vimeshikana vikawa kitu kimoja. Baba alitangulia zamani, Mama alifariki mwaka juzi, mzee kabisa, kitandani mwake, na sina mwingine wa kumwonyesha.