Kura ya Sauti

Jamleck Gichuhi, fundi wa nguo huko Lanet, ni kiziwi tangu utotoni. Mkewe Sue, kiziwi pia, alifariki hospitalini bila kupata mtu wa kuelewa ishara zake. Ndiyo maana mswada wa kuweka wakalimani wa lugha ya ishara hospitalini ulipofika bunge la kaunti, Jamleck aliufuata hatua kwa hatua.

Mwanzoni viziwi wenzake walimsindikiza. Vikao vilipozidi kuahirishwa, walirudi makazini. Akabaki peke yake kwenye viti vya wageni, akitazama midomo.

Siku ya kura alitarajia waheshimiwa wasimame ili aone nani yuko upande gani. Hakuna aliyesimama. Midomo ilifunguka kwa pamoja, ikafungwa, Spika akagonga nyundo.

Jamleck alimwandikia mama aliyeketi karibu, kwenye simu: "Mathe, imekuwaje?"

Mama akaandika: "Umepita! Wamepiga kura kwa sauti."

"Na mwakilishi wetu wa Lanet amesema nini?"

Mama akaandika tena: "Hata sisi tunaosikia hatujui. Wote wamesema mara moja."

Akampigapiga begani, akaenda zake.

Wageni wengine nao wakatoka. Jamleck aliinua mikono yote miwili, akaitikisa hewani vidole vikiwa wazi, jinsi viziwi wanavyopiga makofi. Hakuna aliyemjibu. Aliendelea hivyo hadi mlinzi alipomwashiria kwamba ukumbi unafungwa.