Nilimsomea Mke Wangu Sifa za Ng'ombe

Jamani, kosa ni langu, nalisema mwenyewe kabla hamjaanza kutafuta wa kumlaumu. Mke wangu hana hatia. Ng'ombe naye hana hatia.

Huku Karagwe sisi watu wa mifugo tumekulia kwenye sifa za ng'ombe. Marehemu baba aliwasifu ng'ombe wake kwa Kinyambo kila jioni wakirudi zizini, na hakuna aliyemwona chizi. Mimi nikajitia ujuaji, nikaandika za kwangu kwa Kiswahili kwenye simu, nikiwa machungani. Nilimwandikia Bihogo, ng'ombe wangu mwekundu mwenye pembe ndefu. Nilifuta, nikaandika upya, nikafuta tena. Tangu nimalize shule sikuwahi kumwonyesha mtu kitu nilichokiandika, na moyo ulinidunda kama naenda kuposa.

Basi mchana mmoja nikamkuta mke wangu anamenya ndizi. Nikamwambia nina shairi, asikilize. Shairi la nani, sikusema. Upumbavu gani ule!

Nikasoma: macho yako makubwa na mapole, ukipita kilima chote kinajua nani kapita, usipoonekana jioni chakula hakipiti kooni. Kisu chake kikasimama. Akatabasamu, akainamisha kichwa kama msichana. Nikajua shairi limekolea, nikaongeza sauti. Ubeti uliofuata ulikuwa wa pembe.

"Ni Bihogo?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Na badala ya kunyamaza, nikamuuliza ameuonaje ubeti wa pembe!

Hakugomba. Alimaliza ndizi zake, akapika, akatupakulia. Asubuhi akapanda bodaboda kwenda kwao Nyakakika. Alisema miaka yote ya ndoa ujumbe wangu mtamu kuliko wote ulikuwa wa kumwagiza dawa ya kupe.

Nyumba ikapooza. Watoto wakaniangalia kwa jicho la pembeni. Nikaogopa kweli kwamba hatarudi, nikamchukua baba mdogo na dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, tukaenda ukweni kuomba radhi.

Baba mkwe akasema hawezi kuamua kesi ya shairi bila kulisikia. Nikasoma mbele ya ukoo mzima, jasho linanitiririka. Pale kwenye chakula kisichopita kooni shemeji yangu akacheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kile kiliniuma, msione natania. Maneno yale niliyatoa moyoni, si mdomoni.

Baba mkwe yeye alifumba macho. Naye ni mfugaji. Nilipomaliza akaniomba nirudie pale kwenye pembe. Mama mkwe akainuka, akaingia jikoni, hatukumwona tena mpaka tunaondoka. Kesi zikawa mbili.

Hukumu ikatoka: nimwandikie mke wangu shairi lake, ndipo arudi.

Jamani, niliteseka! Kwa Bihogo sikuwahi kuogopa, kwa sababu Bihogo hasomi. Huyu anasoma, na ananijua. Kila neno nililoliweka niliona atagundua kwamba halitoshi. Mwishowe nikarudi Nyakakika nikamkabidhi simu, nikasimama mlangoni nimeshika kofia. Akasoma kimya hadi mwisho, akarudi juu akasoma tena.

"Lile la Bihogo ni zuri zaidi," akasema. Kisha akaenda kuchukua mkoba wake.

Nilifurahi amerudi, na niliumia vibaya, vyote kwa pamoja. Juzi nimeliona shairi lake kwenye simu yake, kumbe alijitumia kutoka kwangu, kalihifadhi. Nikamwomba nilirekebishe kidogo, akanikatalia, akaiweka simu chini ya mto.

Wenzangu mnaoandika kimyakimya, nawaonya. Ukishatoa kitu cha moyoni na unatafuta wa kumsomea, jiulize kwanza kama na yeye yumo. Kama hayumo, funga mdomo, nenda kachunge.