Pointi Zote Kwenye Kuponya

Juzi binti yangu alikuwa akicheza gemu kwenye simu, akaniuliza ampe shujaa wake upanga mkali au uwezo wa kuponya.

Nilikumbuka mchana mmoja nyumbani kwetu Masaka. Kaka yangu Olivier alikuwa kitandani akitetemeka kwa malaria, na chumba kizima kilinuka majani ya mkaratusi aliyochemshiwa. Mama alikimbilia barabarani kutafuta gari. "Humura, usiogope mwanangu, narudi sasa hivi," aliniambia. "Mwangalie kaka yako."

Nilimwita Olivier, hakuitika. Kwenye kompyuta yetu kuukuu alikuwa na shujaa aliyempa jina lake mwenyewe, nami kwa utoto wangu niliamini wawili hao ni mtu mmoja. Basi nikaketi, nikawa naua wadudu wa msituni, na kila mara shujaa alipopanda kiwango nilipewa pointi, nikaziweka zote kwenye kuponya. Kwenye nguvu sikuweka hata moja. Niligeuka kumtazama kaka. Alikuwa akihema kwa shida zaidi. Nikabonyeza upesi zaidi, huku machozi yakinizuia kuona.

Mama alirudi na gari, yeye na dereva wakambeba Olivier hadi hospitali. Leo najua kilichomwokoa ni dripu.

Baada ya siku nne alirudi amekonda, akafungua gemu. "Yewe! Umemharibu shujaa wangu! Hawezi kumpiga hata panya!"

Nililia kwa sauti. Mama akamkemea aache kunigombeza, nami nikashindwa kumweleza Mama kwamba nilitaka kaka aendelee, nisikie tu sauti yake.