Kanda ya Tatu ya Fundi Redio

Sijawahi kumwamini mtu anayenunua kanda tupu kwa wingi. Kanda yenye muziki najua inakwenda wapi: nyumbani, harusini, kilabuni. Kanda tupu inakwenda kuficha kitu. Kwa hiyo siku niliyofuata mzigo Kahama, na yule Mhindi niliyekuwa nanunua kwake akaniambia kwamba fundi redio wa kwetu Masumbwe amepita juzi na kubeba boksi zima la kanda tupu, nilirudi na swali hilo kichwani njia nzima.

"Ni mshindani wako, bwana?" aliniuliza huku akifunga mzigo wangu kwa kamba ya katani.

"Ni jirani yangu," nilimjibu. Kwangu mimi hayo mawili hayajawahi kuwa mbali.

Ilikuwa miaka ya tisini katikati, na mimi nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda pale stendi. Nilikuwa na deki mbili, spika mbili kubwa na betri ya gari. Mteja anachagua muziki, ananiachia kanda, jioni anaifuata. Sheria yangu ilikuwa moja tu: kanda haitoki kwangu ikiwa na nafasi tupu. Kama nyimbo zimeisha dakika ya ishirini na mbili, zile nane zilizobaki nazijaza kwa dansi, na juu ya dansi naweka sauti yangu mwenyewe, nikicheka kidogo na kuwasalimu wateja, nikiwaambia kwa muziki safi wasiende mbali. Wateja wangu walikuwa wachimbaji wa Nyarugusu na wakulima wa pamba. Walipima kanda kama wanavyopima debe la mpunga. Wakikuta pengo, wanajua wameibiwa, na wanakuja kukwambia mbele ya watu.

Fundi redio alikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na mimi. Alikuwa mtu mkimya, hana mke, hana ng'ombe, na kwa miaka miwili sikuona ndugu hata mmoja aliyekuja kumtembelea. Usukumani mtu asiyetembelewa na ndugu anaulizwa maswali hata kama haulizwi usoni. Yeye alisema tu kwamba kwao ni mbali na kwamba kabla ya kuja kwetu alikuwa mpishi kwenye kambi ya watafiti wa madini, huko upande wa Nyarugusu.

Kambini ndiko alikoharibikiwa, kwa maoni yangu ya wakati ule. Mzungu mmoja pale alikuwa akipokea vifurushi vya kanda kutoka kwao, kazi za marafiki zake ambao hawakuwa na kampuni wala meneja. Walirekodi vyumbani mwao kwa vinanda vya umeme na mitambo waliyoiunga wenyewe, wakatoa nakala hamsini, wakaziuza kwa posta. Majalada yalikuwa fotokopi, na kila moja lina namba ya mkono: hii ya kumi na saba kati ya hamsini. Kambi ilipofungwa mzungu alimwachia fundi boksi lake, na hata baada ya kuondoka akawa anamtumia nyingine kupitia posta ya Kahama.

"Kuna matoleo mapya," fundi alikuwa akivuka barabara kuniambia, uso umemng'aa kama mtu aliyepata mtoto.

Nilisikiliza, kwa sababu ni kazi yangu. Mlio mmoja ulivutwa dakika kumi. Kisha matone. Kisha kitu kikawa kinasaga polepole, kikirudi, kikirudi, kila kikirudi kimebadilika kidogo. Gitaa hamna, ngoma hamna.

"Mwimbaji yuko wapi?" nilimwuliza.

"Hayupo, kaka. Hawakumhitaji."

Muziki usiomhitaji mwimbaji, nilijiambia, unamhitaji nani basi? Pafukapo moshi pana moto, na mimi nilianza kumchunguza.

Akaanza kutoa za kwake. Toleo la kwanza lilikuwa la vinu vya chuma ambavyo wachimbaji hutwangia mawe ya dhahabu, kavichanganya na kinanda kidogo cha betri. Alikuwa na ujanja wake: anakata kipande cha utepe wa kanda, anakiunga kiwe duara, anakipitisha kwenye deki na kukizungusha kwenye chupa ya soda, na sauti moja inarudi bila mwisho. Nakala alikuja kutolea kwangu, kumi tu, kwa sababu deki zangu zilikuwa nzima kuliko zake. Wachimbaji wakazinunua zote. Walisema ukilala chini na kusikiliza ile kanda, masikio yanakuonyesha mwamba unakoelekea. Niliamini kabisa kwamba fundi ndiye aliyeueneza uvumi huo. Ushahidi sikuwa nao, ila sikuhangaika kuutafuta.

Toleo la pili ndilo lililonitia sumu. Nilikuwa nalirekodi peke yangu kibandani, katikati ya mvumo na mikwaruzo, nikamsikia mke wangu anacheka. Kicheko chake nakijua, kinaanzia puani. Kikazunguka mara tatu, nne, kikirefuka, mpaka kikawa kama mtu anayeita. Nilifunga kibanda saa hiyo hiyo nikaenda nyumbani.

"Hiyo ni siku ile tulipokuwa tunacheka na mama muuza dagaa," mke wangu alisema bila hata kuacha kupepeta. "Fundi ana redio yake ya kurekodia kwenye kikapu. Sokoni kila mtu anajua. Wewe peke yako ndiye hujui?"

Mimi peke yangu. Hilo liliniuma kuliko kicheko chenyewe. Tangu siku ile nilimwona fundi kuwa mwizi wa sauti za watu, na kwetu mtu anayekusanya sauti za watu kwenye kikapu hafanyi hivyo bure. Nilimwekea kinyongo na nikaendelea kumwitikia salamu.

Alipoleta toleo la tatu alikuwa amekonda. Aliliweka mezani kwa mikono miwili.

"Nakala kumi, kaka. Mambo mawili nakuomba. Usiipige kwenye spika, hii ni ya mtu aliyekaa chini peke yake. Na upande wa pili, sauti ikikatika, acha hivyo hivyo dakika nane mpaka utepe uishe. Usijaze. Ule ukimya ni sehemu ya kazi."

Nikasema sawa. Moyoni nikasema: sasa umejiumbua. Mtu aliyekataza kanda isisikilizwe na watu, ndani yake ameweka nini? Na ukimya wa dakika nane, ili wateja waseme mimi ndiye mwizi? Nilirekodi zote kumi bila kusikiliza, kama nilivyozoea kazi ikiwa nyingi, na zote kumi nikazijaza. Nilitumia dansi la kuchangamka, na salamu zangu na kicheko changu juu yake. Kisha nikasubiri Jumamosi, siku ya gulio, watu wakiwa wamejaa barabara nzima na ng'ombe wao na mafungu yao ya viazi. Niligeuza spika zote mbili zitazame nje. Nilitaka wasikie wote, wamhukumu wao, nisiwe peke yangu tena.

Dakika chache za kwanza ulikuwa mvumo tu, na watu walinitania kwamba spika zangu zinaumwa. Kisha ikasikika filimbi. Kisha mwanamke akapiga mwano.

Asiyetoka kwetu nimweleze. Mwano ni yowe la hatari. Ukiusikia unaacha chochote ulichoshika, unachukua silaha na kukimbilia unakotoka, na huku unakimbia unaupokea na kuupiga tena ili kijiji cha mbele nacho kisikie. Asiyetoka anatozwa faini na sungusungu, jeshi letu la jadi la ulinzi. Anayeupiga bure anafanyiwa mabaya zaidi. Yule mwanamke aliupiga mara moja, na chupa ya soda ya fundi ikaurudisha wakawa wanawake wawili, kumi, hamsini, kutoka kwenye spika zangu.

Gulio lilivunjika. Ng'ombe walikata kamba, mafungu ya viazi yakakanyagwa, wanaume wakaja mbio na fimbo, mapanga, pinde. Mwano ulishapokelewa ng'ambo ya mashamba kabla sijaufikisha mkono kwenye deki. Niliizima, lakini huko nje haukuzimika. Mpaka alasiri watu walikuwa bado wanaingia kutoka vijiji ambavyo hata majina yake sikuyajua. Mzee mmoja alifika na upinde, jasho linamtiririka, akauliza mwizi yuko wapi, akaonyeshwa redio.

"Huu mwano wa nani?" kamanda wa sungusungu aliniuliza, pumzi zinamwishia.

Nilinyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Fundi alikuwa amesimama mlangoni pake. Hakuwa ananitazama mimi. Aliwatazama watu waliokuwa wanakuja, macho hayapepesi, na mimi nikajiambia tazama asivyo na aibu.

Mkutano ulikaa kesho yake mbele ya ghala la pamba. Fundi alikiri kwamba kanda ni yake na sauti ameitengeneza yeye. Kamanda akauliza nani aliamuru ipigwe kwenye spika. Fundi akanigeukia, akangoja. Alikuwa na haki ya kujibu mwenyewe, ila alinipa mimi nafasi hiyo.

"Aliniletea nipige," nilisema.

Naliandika neno hilo kama lilivyokuwa. Sikusita, wala ulimi haukuteleza. Niliogopa faini, niliogopa kutengwa, na zaidi ya yote sikutaka watu wajue nilivyokuwa nimefikiri. Fundi aliinamisha kichwa, hakunipinga. Wakamtenga mpaka alete fahali wa kuliwa na mkutano. Ina maana hakuna wa kumsalimu, hakuna wa kumuuzia chumvi, kumpa moto wala kumchotea maji, na atakayefanya hivyo atamfuata. Fahali wapi, mtu asiye na hata kuku.

Siku ya nne alivuka barabara mchana kweupe, akasimama mbele ya dirisha langu.

"Mwadila, kaka."

Ni salamu ya kwetu, na sikuruhusiwa kuiitikia. Nikainamia deki.

"Najua huruhusiwi. Sikiliza tu. Uliyoyasema pale umeshayasema. Yule anayepiga mwano ni dada yangu. Mama yetu alikuwa na macho mekundu, macho ya moshi wa kuni wa miaka yote, wakasema ni mchawi. Walipomjia na mapanga mimi nilikuwa kambini napikia watu. Dada akapiga mwano. Wewe unaijua sheria ya mwano. Nyumba zote zilisikia, na hakuna aliyetoka, maana walikwishakubaliana. Mwaka huu nilimwomba aupige tena, nirekodi. Aliupiga mara moja, akakaa chini. Nikamwuliza alingoja muda gani siku ile kabla hajaacha kuitazama njia. Ule ukimya wa mwisho ndio huo."

Hata hapo, nakiri, kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba labda ananidanganya. Kisha nikakumbuka alivyosimama mlangoni.

"Jumamosi walikuja," alisema. "Mpaka wa mbali. Nilitamani dada angekuwepo awaone." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nipe kanda zangu. Naondoka na lori la Kahama. Moja nampelekea yeye, aisikilize mpaka mwisho. Nimemwahidi nimeuacha ukimya wake vilevile."

Kanda tisa zilikuwa kwenye rafu, ya kumi bado imo ndani ya deki. Nilijua kilichomo mwishoni mwa kila moja. Ilikuwa ni neno moja tu, "Ngoja," kisha nizifute zile dakika nane, kazi ya saa moja na kidogo kwa deki zangu. Lakini sheria ilinikataza kusema naye, na sijapata kushukuru sheria kama siku ile. Nilizifunga tisa kwenye gazeti, nikazisukuma dirishani. Akanishukuru. Nilishika shughuli ya kupangusa deki mpaka nikasikia lori limeondoka.

Hakurudi, na sijui alikoishia. Ile ya kumi ninayo mpaka leo. Huwa naiweka siku mke wangu akiwa hayupo. Dada anapiga mwano, unazunguka, unakatika. Halafu, pale alipokuwa akiitazama njia, naingia mimi. Nacheka kidogo, nawasalimu wasikilizaji wangu wote, nawaambia kwa muziki safi wasiende mbali.