Vitufe vya Shangazi

Mimi ni fundi nusu. Sijishushi, ndivyo makaratasi yanavyosema. Diploma yangu ya elektroniki iliishia njiani, baada ya mwaka wa kwanza ambao tulifundishwa kufungua vitu. Kuvifunga kulikuwa mwaka wa pili. Mtaa mzima unajua, na bado watu wananiletea pasi, redio na feni zao kwa sababu sitozi na nina mdomo. Kifaa kikinifia mikononi, mwenyewe angalau huondoka akicheka.

Aliyenibandika jina la Fundi Nusu ni shangazi yangu, dada yake baba, ambaye nyumba yake na yetu zimetenganishwa na ukuta mfupi wa matofali. Habari hii ni yake, si yangu, ingawa mtaona nilivyojitahidi kujiingiza.

Shangazi alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa, tangu akiwa msichana mwembamba (kwa maneno yake, picha hatujaiona) mpaka alipostaafu akiwa na mwili wa heshima. Alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha karibu na stoo ya mashuka, akiunganisha wodi na maabara, maabara na chumba cha upasuaji, mume aliyeko nyumbani na mke aliyejifungua. Madaktari aliwajua kwa pumzi. Yuko mmoja aliyekuwa akihema kama anayepanda ngazi kabla ya kutamka neno, na kabla hajamaliza kuhema Shangazi ameshampa wodi ya watoto. Mumewe alifariki mtoto wao hajaanza shule, na kile chumba kisicho na dirisha ndicho kilichomsomesha mtoto huyo mpaka akawa mtu wa tai na viatu vya kung'aa.

Hospitali ilipobadilisha mitambo, simu za zamani zilirundikwa uani zikisubiri gari la taka. Shangazi akaomba ile ya mezani kwake, akapewa. Ni ya rangi ya maziwa, nzito, waya wake umejisokota kama nywele, na vitufe vyake ni vya mraba, vinabonyea mpaka unahisi vimefika. Akaiunganisha kwake sebuleni, akaendelea na maisha.

Kisha akapofuka macho. Presha ya macho, walisema, na waliposema ilikuwa imeshachelewa. Mwanawe, binamu yangu, akaja kumchukua. Huyu binamu ni mkaguzi katika kampuni ya bima, na sisi humwita Mkaguzi hata akiwa amevaa kaptula, maana hata kaptula huivaa kama anaiandikia ripoti. Alikuwa ameshamwandalia mama yake chumba chenye zulia na msichana wa kumhudumia. Mama akasema hatoki. Nyumba hii anajua kila kona yake kwa bega na goti. Huko kwenye zulia atakuwa mzigo wa kuhamishwa kutoka kochi hadi kochi. Wakavutana, wakalia kidogo, wakakubaliana: kila asubuhi Shangazi atampigia mwanawe, mwenyewe, kwa mkono wake. Siku asipopiga, hawezi tena kuishi peke yake, na atahama. Akisaidiwa kupiga na mtu mwingine haihesabiki. Simu ya mkononi ya kioo alishajaribu, vidole vikateleza juu yake mpaka akaita zimamoto, na zimamoto wakaja.

Kwa hiyo ilibaki ile ya rangi ya maziwa. Kila asubuhi nilikuwa nikimsikia kupitia dirishani: "Nimeamka. Sijaanguka. Wewe umekunywa chai?"

Jumamosi moja nikasikia kitu kingine.

"Fundi Nusu! Njoo huku, mwanangu, simu imeniharibikia!"

Nikaruka ukuta na bisibisi mkononi, kama daktari aliyekuwa amelala na koti lake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Bonyeza tatu."

Nikabonyeza. Ikatoa mlio mwembamba, wa upweke. Sita, vilevile. Tisa, vilevile. Nikabonyeza moja na mbili, zikalia vizuri. Hapa, kwa mara ya kwanza maishani, karo ya baba yangu ilirudisha kitu. Simu ya namna hii, kila kitufe kinaimba sauti mbili kwa pamoja: moja ya mstari wake wa kulala, nyingine ya safu yake ya kusimama. Kule mitamboni wanasikia hizo mbili na kujua umebonyeza namba gani. Safu yote ya kulia ilikuwa inaimba sauti moja tu, kama kwaya ambayo wanaume wamegoma.

"Kuna kitu kimeingia upande huu wa kulia," nikasema kwa sauti nene. "Umemwagia nini?"

Akaanza kukikunja kitambaa cha meza.

"Shangazi?"

"Kitufe cha tisa kilikuwa kinalia kama panya. Nikakitia tone la mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya kula."

"Tone moja?"

"Unanihoji kama nani wewe?"

Tukiwa hapo simu ikaita. Kupokea ilikuwa inapokea vizuri. Ni kupiga tu ndiko kulikokufa. Alikuwa Mkaguzi. Asubuhi imepita, mbona kimya? Shangazi akasema amechelewa kuamka. Mkaguzi akasema anamjua mama yake, hajawahi kuchelewa kuamka. Nilisikia sauti yake ikitoka pembeni ya sikio la Shangazi: "Kesho nakuja na pikapu, Mama. Tulikubaliana."

Shangazi akarudisha mkono wa simu mahali pake, akakaa.

"Unaweza?" akaniuliza.

Mtu mwenye akili angesema nitamtafuta fundi. Mimi nikasema, "Shangazi, hii kazi ya kufanya huku nakunywa chai."

Na kwa kweli nilikaribia. Nilifungua mgongo wa simu, nikatoa ubao wa vitufe, nikakuta mafuta yameshikana na vumbi, yamekuwa uji mweusi juu ya vile vibati vidogo vinavyogusana unapobonyeza. Nikavisafisha kwa spiriti, nikavisugua taratibu kwa kifutio cha penseli. Nikabonyeza tatu: sauti mbili. Sita: mbili. Tisa: mbili, na bila panya. Hapo nilitakiwa kufunga, kunywa chai na kwenda nyumbani nikiwa shujaa.

Lakini nikaviona vile vitufe vimefubaa. Mafuta, vidole, miaka. Nikasema moyoni, wacha nivitoe vifuniko vyake nivioshe kwa sabuni ving'ae. Hakuna aliyeniomba. Mwenye simu haoni. Nilikuwa nataka kumng'arishia vitufe kipofu. Nikavichomoa vyote, nikaviloweka kwenye bakuli, nikavianika juu ya kitambaa, nikavirudisha kimoja kimoja nikipiga mluzi.

Nikajipigia simu yangu kwa majaribio. Haikuita. Ikapokea mwanamke.

"Vifaranga, karibu."

"Samahani, nimekosea namba."

Nikapiga tena, polepole, nikitazama kila kitufe.

"Vifaranga, karibu."

"Dada, samahani tena."

"Wewe kaka vipi? Unataka vifaranga au hutaki?"

"Sitaki."

"Sasa unanipigia nikwambie nini?"

Mara ya tatu alinitukana, na wala simlaumu. Nikafungua simu upya, nikasugua vibati mpaka kifutio kikaisha, nikafunga, nikampigia rafiki yangu, nikapata kanisa. Nilitazama zile namba mpaka machozi yakanitoka. Sauti zote mbili zipo, kila kitufe kinaimba, na simu inakwenda kwa watu nisiowajua.

"Imekuwaje?" akauliza Shangazi kutoka jikoni.

"Inapoa," nikasema. Kitu cha baridi kabisa kile. "Usiiguse kwanza. Kesho asubuhi naja kuimalizia."

Asubuhi nilifika mlangoni pamoja na pikapu. Mkaguzi alishuka na tai, siku ya Jumapili. Nyuma kulikuwa na godoro moja, naye akaitupa hapo kamba mpya, bado ina karatasi ya dukani.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

"Marahaba. Nasikia umemtengenezea mama simu."

"Ndiyo."

"Inafanya kazi?"

"Inaongea na watu wengi," nikasema, na haukuwa uongo.

Ndani, Shangazi alikuwa amevaa gauni lake la kutokea na kukaa karibu na simu, mikono mapajani. Nikataka kumwahi, nimnong'oneze asijaribu, aseme anaumwa kidole. Mkaguzi alikuwa amesimama katikati yetu.

"Mama, sikuja kugombana. Jana ulinipa hofu. Nilikaa ofisini nimeshika simu, nikiwaza umeanguka bafuni."

"Nilikuwa sijaanguka."

"Ningejuaje?"

"Haya. Simama hapo." Akanyanyua mkono wa simu. Kidole chake kikatua kwenye vitufe bila kupapasa, kikaenda haraka, tak tak tak, kama alivyokuwa akifanya kule kwenye chumba kisicho na dirisha. Nikafumba macho na kumsubiri mwanamke wa vifaranga.

Mfuko wa Mkaguzi ukaanza kuita.

Akaitoa simu, akaitazama, akatutazama. "Ni wewe," akasema.

"Pokea basi, nalipia."

"Haloo, Mama."

"Nimeamka. Sijaanguka. Wewe umekunywa chai?"

Mkaguzi hakuamini, na kazi yake ndiyo hiyo, kutoamini. "Hebu na mimi," akasema, akaichukua simu, akainama na kumpigia mke wake, akitazama vitufe. Tukaona uso wake ukibadilika.

"Wewe nani?" Akasikiliza. "Mimi ndiye nakuuliza, wewe nani? Unafanya nini na simu ya mke wangu?" Akasikiliza tena. "Amelala? Nani amelala?"

Nikakimbilia kuichungulia ile simu kabla ndoa haijavunjika. Na kwa kuwa safari hii niliitazama yote kwa pamoja badala ya namba moja moja, nikaona. Mstari wa juu: saba, nane, tisa. Wa chini: moja, mbili, tatu.

Jamani. Mimi nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi; kutwa nzima niko na kalkuleta, na kalkuleta ina saba juu. Nilikuwa nimempangia Shangazi kalkuleta. Ndani vitufe vilibaki vilevile, kila kimoja kikiimba wimbo wake wa zamani. Niliyekivisha kofia isiyo yake ni mimi. Mwenye macho aliyesoma kofia alipotea. Shangazi hakuwa na cha kusoma.

Nikaeleza. Ilinichukua muda kwa sababu Mkaguzi alikuwa bado anagombana na mwanamume asiyemjua. Alipoelewa akakata simu, akafuta jasho. Shangazi alicheka mpaka akashika kiti.

"Rudisha kama zilivyokuwa," akasema Mkaguzi.

"Aguse tena simu yangu huyu?" akasema Shangazi. "Zikae hivyohivyo. Nyie wenye macho pigieni zenu."

"Mama, mtu akihitaji kuitumia kwa dharura?"

"Aje aniombe nimpigie. Ndiyo kazi yangu."

Mkaguzi akatazama ile simu, akanitazama mimi, akatazama gauni la kutokea. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kuweka tiki. "Na siku nyingine ikiharibika? Nitajuaje kama uko salama?"

"Hutajua," akasema Shangazi, polepole sasa. "Utakuja kama ulivyokuja leo. Utagonga, nitakufungulia, tutakunywa chai. Ila hiyo kamba usije nayo. Nimeisikia ulipoitupa nyuma ya gari."

Mkaguzi alikunywa chai akiwa amesimama, kisha akaketi, akanywa ya pili. Aliporudi kwenye pikapu aliisogeza kamba chini ya kiti cha mbele, isionekane, kana kwamba kuna mtu wa kuiona, akawasha gari.

Hajafika kona, Shangazi ameshanyanyua mkono wa simu. Tak tak tak. Kupitia dirishani nikaona pikapu inasimama katikati ya barabara, na gari la nyuma yake likaanza kupiga honi.

"Mama? Nimetoka hapo sasa hivi!"

"Najua. Hii nimekupigia tu. Endesha taratibu, na mpishe huyo anayepiga honi, ana haki."